Siku Mama Alipokuwa Bubu

"Nyabo, dada, nipisheko, kalai yangu ni nzito."

Sauti hiyo ilinijia kwa nyuma mwezi uliopita, nikiwa kwenye foleni ya mpakani Malaba, na miguu yangu ikageuka kabla kichwa hakijafikiri. Mwanamke aliyejitwika karai la njugu za kukaanga akanipita, akaacha nyuma yake harufu ya chumvi na moto. Hakuwa mama. Mama amelala katika udongo wa Iganga, huu ni mwaka wa sita sasa. Lakini ile "kalai", msomaji wangu, ilinitoa machozi mbele ya askari, nikalazimika kusingizia vumbi la malori.

Kuna jambo sijawahi kumwandikia mtu. Acha nikuambie wewe.

Tulivuka mpaka huo nikiwa na miaka minane. Baba alikuwa amekufa, ndugu zake wamegawana mali mpaka vijiko, kwa hiyo mama akafunga nguo zetu ndani ya shuka, akanishika mkono, tukatoka Uganda tukaja kukaa Amagoro, upande wa Kenya, katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga. Akaanza kukaanga njugu na kuziuza sokoni. Sisi ni Wasoga, na ulimi wa Msoga na herufi R havijawahi kupatana vizuri. Jina langu ni Robina. Mama alinipa jina hilo mwenyewe na hakuweza kulitamka hata siku moja. Aliniita Lobina, nami nilidhani ndivyo nilivyoitwa, mpaka siku ya kwanza shuleni nilipojitaja mbele ya darasa, na watoto wote wakaangukia madawati kwa kicheko.

"Sema barabara," waliniambia wakati wa mapumziko, wamenizunguka kama watu waliopata mchezo wa bure.

"Balabala."

Ilikuwa hivyo kila siku. Aliyenionea huruma ni Amoit, msichana wa Kiteso niliyeketi naye. Baada ya shule alinipeleka kando ya barabara kuu, mahali malori yalipopanga foleni kungoja kuvuka, akaniagiza niige injini zikiwashwa. "Usiseme neno. Nguruma tu." Tulinguruma muhula mzima, tumechuchumaa majanini, madereva wakitutazama kama wendawazimu. Kisha jioni moja lori la saruji likawaka, ulimi wangu ukatetemeka kwenye kaakaa, na R ikatoka. Amoit alipiga kelele mpaka mbuzi wa watu wakakimbia.

Tangu siku hiyo sikutaka kurudi nilikotoka. Mama akinisemesha Kisoga, nilimjibu Kiswahili. "Olulimi lwo lugenze wa?" aliniuliza, ulimi wako umeenda wapi? Mwanzoni aliuliza akicheka. Baadaye aliacha kuuliza.

Nilipofika darasa la sita, Mwalimu Wandera alinichagua nighani shairi siku ya wazazi. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa Rukala, na shairi alilitunga mwenyewe, la kuiomba mvua irudi. Nasikia kwao, ambako mto hufurika na kubeba kuku, lingemtia matatani. Naye pia alikuwa na ulimi wake. Alisema "karipu" na "mapati", lakini hakuna aliyemcheka, maana kiboko kilikuwa mkononi mwake.

Asubuhi ya siku ile mama alikuwa akipiga pasi gomesi yake ya zambarau, ile aliyoivaa harusini tu. Nilisimama mlangoni nimeshavaa sare.

"Mama, leo usiongee."

"Nisiongee na nani?"

"Na mtu yeyote. Watanicheka."

Pasi ikasimama. Nilinusa kitambaa kikianza kuungua. Kisha akaiinua, akaiweka pembeni, akalainisha mkunjo kwa kiganja.

"Kale," alisema. Sawa.

Sikujua atatii kiasi kile. Mwalimu Wandera alimpokea langoni, "Karipu mama, karipu sana," na mama akapiga goti kidogo, kama wanawake wa kwetu wanavyosalimia, bila kutoa sauti. Mwalimu akamuuliza habari za safari. Mama akagusa midomo yake, akatikisa kichwa. Niliona uso wa mwalimu ukibadilika, ukajaa huruma. Akamshika mkono kwa heshima, akampeleka kwenye kiti cha mbele kabisa, na minong'ono ikaanza kupita kwenye safu za wazazi: kumbe mamake Robina ni bubu, maskini, na mtoto anavyojua kusema! Amoit alinitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Nilighani, na kila R ilitoka kama nilivyoitaka. Nilipomaliza, akina mama walisimama na kupiga vigelegele. Mama naye akasimama, kinywa kikafunguka, maana kwao Iganga hakuna aliyemshinda kwa vigelegele. Halafu akakumbuka. Akaufunika mdomo kwa kiganja, akabaki hivyo, mabega yanatikisika. Watu walidhani analia.

Tulirudi nyumbani kimya. Alipofunga mlango ndipo aliposema, "Umesoma vizuli, mwana wange."

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini mwalimu alianza kununua njugu kwake kila Ijumaa, na kila Ijumaa mama alikuwa bubu. Alimpimia, akamwonyesha vidole, akatabasamu. Wenzake sokoni walijikaza wasicheke. Nami mara nyingi nilikuwa pale pale, na kinywa changu kizima kilichojua R, na sikusema. Neno moja lingetosha. Miaka miwili ilipita hivyo, mpaka mwalimu akahamishwa.

Siku moja, nikiwa tayari chuoni kusomea ualimu, nilimwambia mama kwamba nitamtafuta yule mwalimu nimweleze ukweli. Akacheka sana. "Mwache. Alinipenda nikiwa bubu. Nikiongea atakimbia."

Sasa nafundisha Kiswahili huko Butula. Mwaka juzi, kwenye mkutano wa walimu, mzee mmoja mwenye fimbo alinijia wakati wa chai. Nilimjua kwa "karipu" yake kabla sijaujua uso. Akaniuliza habari za mama. Nikamwambia ameshatutoka, kisha nikasema yale niliyoyabeba.

"Mwalimu, mama hakuwa bubu."

"Najua," alisema.

Niliweka kikombe mezani.

"Ijumaa moja nilifika mapema, nikamsikia kabla hajaniona. Alikuwa anawaghania wenzake shairi lako. Lote, Robina, mwanzo mpaka mwisho. 'Ludi mvua, ludi kwetu.' Wamama wanacheka, na yeye anaendelea, kichwa juu."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilidhani hana kipande cha kitambulisho. Nikafikiri anaogopa watu wa serikali wakimsikia watamrudisha ng'ambo. Na mimi mshahara wangu ni wa serikali. Basi nikarudi nyuma kidogo, nikakohoa, ndipo nikaja. Tangu siku hiyo nilikohoa kwanza kila Ijumaa."

"Hakuogopa serikali, mwalimu. Ni mimi nilimwambia asiongee."

Hakunikaripia. "Ulikuwa mtoto," alisema, akanimiminia chai nyingine kama mtu anayemhudumia mfiwa.

Mama kweli hakuwa na kipande miaka ile, nilikuja kujua baadaye. Woga aliouwaza mwalimu aliubeba pia, juu ya ule niliomtwika mimi, na hakuna siku aliyonilaumu. Nilidhani ulimi wake ndio uliotufanya wageni. Kumbe sokoni, miongoni mwa wale wanawake, mama alikuwa amefika kwake zamani, na L zake zote. Mimi ndiye niliyekuwa bado natafuta kwangu, nikinguruma kando ya barabara.

Wauza njugu wote walilisikia shairi lile kwa sauti yake, na mwalimu akalisikia. Mimi sikulisikia. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu jikoni, hujaribu kulisema kama alivyolisema. Naanza polepole, najikaza. Lakini ulimi wangu ulifunzwa vizuri mno, na haukubali kukosea.