Mursik Kwenye Meza ya Uchumba

Ni asubuhi ya Jumatano, na Bilhah Chepkosgei amepiga magoti nyuma ya hoteli ya Kihindi iliyo pembeni mwa mji wa Kericho, kwenye barabara ya kwenda Kapsoit. Anasugua sufuria ya dengu kwa mchanga na gunzi la mahindi. Mlango wa jikoni ukilia tu, anaruka kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Bado nashtuka," anasema. "Tangu Jumapili mwili haijarudi mahali yake."

Mama huyu wa watoto wanne kutoka Kabianga ameosha vyombo hapa miaka tisa. Mwezi uliopita mwenye hoteli, Mama Hansa, alimvika aproni nyeupe, akamweka kwenye chapati na lasi, yale maziwa ya kuganda yanayopigwa na sukari mpaka yatoe povu. Bilhah alitabasamu hadi gego la mwisho.

Jumapili ikaja familia ya Kihindi kutoka Nakuru kusherehekea uchumba wa binti yao. Katikati ya shughuli, maziwa ya lasi yakaisha.

"Bilhah, tafuta maziwa lala haraka!" Mama Hansa akapaza sauti.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Kwa Mama Hansa, maziwa lala ni yale meupe pepepe ya pakiti. Kwa Mkipsigis kama Bilhah, ni mursik: maziwa yaliyolala siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, yakatoka na rangi ya wingu la mvua. Na Bilhah alikuwa na kibuyu kizima pembeni, alichokusudia kumpelekea mama mkwe wake jioni.

"Nikasema, kumbe ni uchumba! Si kwetu mursik ndiyo inafunga uchumba? Nikatoa yote. Nikaona ni Mungu amepanga."

Akaimimina kwenye glasi, akatia sukari, akaipeleka mwenyewe.

Nyanya wa binti akainua glasi kwenye mwanga, akaona vidoa vyeusi. Akauliza ni nini.

"Ni jivu ya mti, nyanya," Bilhah akajibu kwa fahari. "Ni ya baraka."

Glasi ikaanguka. Bibi kizee akaangua kilio, na binti akaficha uso kwa mtandio wake. Bilhah hakuelewa hata neno moja la Kigujarati lililofuata. Mpishi mwenzake, Zacheus Wambugu, ndiye aliyemnong'oneza kwamba watu hawa huchoma maiti zao, na kwamba kumpa bibi harusi mtarajiwa jivu anywe ni kama kumletea msiba mezani.

"Nilisikia baridi mpaka kwa mfupa," anasema, na gunzi linamponyoka. "Mimi nimebeba baraka, wao wameona kifo. Woi! Ni mambo gani haya?"

Wageni waliondoka bila kula. Aproni ilivuliwa siku hiyo hiyo.

Jumamosi nyanya atarudi na wajukuu zake kutaka maelezo. Mama Hansa ametoa sharti moja: Bilhah asimame mbele yao aseme kwamba maziwa yale yalikuwa uchafu. Akikubali, atarudi jikoni. Akikataa, hata hizo sufuria atazikosa.

"Hata mimi silali," Mama Hansa anasema mlangoni. "Bilhah mtu mzuri sana. Lakini wageni wakiuliza, mimi nitasema nini?"

Anaingia ndani. Bilhah anajipangusa mikono kwenye leso.

"Nitaenda," anasema. "Nitapiga magoti kwa huyo nyanya, nimwambie pole kwa kumtia hofu. Nitaombea huyo msichana apate nyumba nzuri. Hiyo yote nitasema, hata nikilia. Lakini kusema mursik ni uchafu? Ile mama yangu alinipea siku yangu ya uchumba? Mdomo itakataa."

Na kazi je?

"Natumaini nyanya ataelewa," anajibu. "Yeye pia aliwahi kuchumbiwa."