Mtambo wa Ruziba, Siku ya Maziko

Baba yangu alikuwa fundi wa redio mtaani kwetu Buyenzi, na katika mwaka wake wa mwisho aliniomba kitu kimoja tu: siku akifa, mimi ndiye nishuke kaburini kumpokea. Si mdogo wangu, ambaye ana nguvu kunishinda, wala si baba mdogo. Mimi. Aliyasema hayo huku anakunywa uji, sauti ile ile ya kila siku, kama mtu anayeagiza betri. "We ndo mukubwa. We ndo utanishika kichwa." Nikasema sawa. Akaongeza, "Na usichelewe, maana nakujua."

Nilikuwa mtu wa kuchelewa kweli. Kazi yangu iko Ruziba, kusini ya mji, kwenye kiwanja cha majani kilichozungushiwa waya. Ndani kuna nguzo za antena na nyumba mbili ndogo, moja ya mtambo wa kutuma na moja ya mtambo wa kupokea. Mtambo wa kutuma una nguvu sana, ila hautumi habari wala muziki. Unapiga mawimbi juu, moja kwa moja. Huko juu, mbali kabisa kuliko ndege zinakopita, hewa ni nyembamba na jua limeichoma mpaka imeshika umeme. Mawimbi yakifika yanagonga tabaka hilo na kurudi, na sisi tunapima yamechukua muda gani na yamerudi yakiwa na nguvu kiasi gani. Tukizidisha nguvu, tabaka lenyewe linapata joto kidogo na kubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo wakubwa wa mradi wanayoyatafuta. Basi, kazi yenyewe ni hiyo. Majirani wanaamini tunafukuza mvua. Mvua ikizidi na kule bondeni Gatumba kukajaa maji, wanaamini tumeileta sisi. Nimeacha kubishana nao.

Baba alielewa haraka kuliko wote. Tangu ujana wake alijua kwamba stesheni za mbali zinatufikia kwa sababu mawimbi yanaruka juu na kushuka, na kwamba jua likizama zinahama. Alikuwa akinitania mbele ya wateja: "Mutoto wangu wanamulipa atupe mawe juu, asikilize yakianguka." Wateja wanacheka, mimi nanuna. Mi ni mtu wa kununa, sifichi. Lakini tukibaki wawili aliniuliza maswali ya fundi: tabaka linapanda saa ngapi asubuhi, mchana linakuwaje, kwa nini hapa kwetu karibu na ikweta linavurugika jioni. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza mambo hayo.

Sasa, mtambo wa kupokea unasikia kila kitu. Simu ikilia karibu yake inaacha michirizi kwenye picha tunayorekodi, na saa nzima ya kazi inaharibika. Kwa hiyo simu zetu zinabaki getini, kwenye droo ya meza ya zamu, ndivyo tunavyomwita mlinzi. Zamu wetu ni mtu mzima wa pale pale Ruziba, mpole, asiyegusa cha mtu.

Mara moja kwa mwezi tunakuwa na siku ya mfululizo. Siku hiyo mitambo ya nchi kadhaa inatuma kwa saa zile zile, kwa makubaliano, tangu asubuhi mpaka saa kumi na nusu. Ukisimamisha wa kwako, kazi ya wote inabaki na tundu, na tundu hilo lina jina lako. Hakuna anayekugombeza. Wanakuandikia barua fupi ya Kifaransa, ya adabu kabisa. Mimi mtu mzima, mwenye watoto, niliiogopa barua hiyo.

Mwezi wa mwisho wa baba niliitwa mara tatu kuagana naye. Mara ya kwanza niliacha kila kitu, nikapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, nikamkuta ameketi anadai chai ya tangawizi. Mara ya pili shangazi alikuwa ametishwa na usingizi wa baba. Mara ya tatu nilipoingia chumbani, baba mwenyewe akafungua jicho moja. "Mi bado niko. Rudi kazini." Tukacheka, ila mimi nilicheka kidogo. Baada ya hapo nilichoka. Nasema ilivyokuwa: nilichoka na kufa kwa baba kabla hajafa.

Asubuhi ya siku ya mfululizo nilipita Buyenzi. Alikuwa amelala, anapumua kwa mdomo. Nilimgusa mguu juu ya shuka. Mama akanifuata mlangoni.

"Leo usiende."

"Mama, leo ndo siku siwezi kukosa."

"Haya," akasema, akarudi ndani.

Ilikuwa inakaribia adhuhuri zamu alipokuja kugonga dirisha la nyumba ya kupokea. Wakati wa kutuma haruhusiwi kuingia, na hajawahi hata kukaribia. Nikafungua upenyo.

"Simu yako inalia tangu asubuhi," akasema. "Nimeona ni mama yako, nikaipokea. Wanakuita ku nyumba."

Vipokea sauti vilikuwa shingoni kwangu. Kwenye kioo picha ilikuwa safi, mstari umekaa vizuri, safi kuliko miezi yote iliyotangulia. Sikumuuliza kuna nini. Swali la maneno mawili, na sikuliuliza. Nikamwambia, "Waambie wangoje, nakuja." Alisimama kidogo, nikaona ana neno mdomoni. Nikafunga dirisha.

Sikwenda. Nilijiambia mzunguko huu uishe, ni dakika kumi. Ukaisha, ukaanza mwingine. Nikajiambia tena. Nafikiri nilijua. Nafikiri nilijua pia kwamba nisipouliza, jambo lenyewe linakuwa bado halijatokea. Mikono ilifanya kazi vizuri tu. Saa kumi na nusu nilizima, nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba hakukuwa na tatizo, nikaweka sahihi.

Getini yule mlinzi alinipa simu bila kunitazama. "Pole," akasema. Safari hii pia sikumuuliza.

Nilipofika Buyenzi mikeka ilikuwa imetandikwa nje na wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Mdogo wangu alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Basi ni yeye aliyeshuka. Niliuangalia ule udongo, nikangoja nisikie uchungu, na uchungu haukuja. Nilikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa. Akaniuliza, taratibu, "Ulikuwa wapi?" Nikajibu, "Simu ilikuwa kwenye droo. Kazini wanatunyang'anya simu."

Yalitoka yenyewe, tayari yamepangwa. Na si uongo, ukiyatazama. Simu ilikuwa kwenye droo. Mdogo wangu akatikisa kichwa, akasema haya. Aliyekuwa nyuma yake akanishika mkono akanipa pole, na yeye nikamwambia ya droo. Siku tatu za matanga niliwaambia wote: majirani, wateja wa redio, makanika wa mtaani, wale wenye maduka wa Kiarabu waliokuwa wakimuuzia baba vipuri tangu mimi sijazaliwa, hata imamu. Kila nilipoyasema yalizidi kulainika. Siku ya tatu nilikuwa naeleza hata ufunguo wa droo unapokaa. Mmoja akasema hao wakubwa wako hawana huruma. Nikakubali kwamba hawana. Hakuna aliyekuwa amenizuia kutoka pale.

Kisha nikarudi kazini. Nilikula, nililala, nilipanda bisi ya kwenda Ruziba. Ilikuja barua fupi ya Kifaransa, na ilikuwa ya shukrani: vipimo vyetu vya siku ile vilikuwa kamili, havina tundu. Niliisoma nikiwa nakula maharage, nikamaliza maharage. Mke wangu aliniuliza kama nimemlilia baba hata mara moja. Nikamwambia bado. Aliuliza tena wiki iliyofuata, halafu akaacha.

Siku ya arobaini walikuja watu wengi. Ikasomwa Kurani, wakala, wakaondoka. Nilibaki na mama uani tukikusanya na kuosha masinia. Sijui kwa nini nilichagua saa ile. Labda kwa sababu alikuwa amenipa mgongo.

"Mama, zamu aliniambia siku ile. Nilijua mnaniita. Nilimwambia mungoje."

Aliendelea kusugua sinia.

"Najua," akasema. "Alinambia kwa simu. Akasema, mutoto wako anasema mungoje, anakuja."

Sinia nililoshika nikaliweka chini.

"Baba yako alishaoshwa, alishavikwa sanda," akasema. "Walitaka kumuswalia adhuhuri. Mi nikatoka nje nikasema apana. Nikasema mukubwa yuko njiani, ametuma neno, na marehemu alimutaka yeye. Imamu akakubali. Watu wakakaa hapa juani mpaka alasiri. Baba yako mudogo akasema maiti hawekwi hivi. Nikasema ngojeni kidogo, Ruziba ni mbali. Kila taksi-moto ikipita wanageuka kuangalia kama ni we."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Ulifika ukaanza hayo ya droo. Nikaona umeogopa. Nikanyamaza."

Nikamuuliza ni nani mwingine anajua.

Hapo ndipo alipogeuka akanitazama. Hakuwa amekasirika. "We, unauliza nani? Niliwatangazia wote. Nilisimama pale mulangoni, nikasema kwa sauti, mutoto amesema tumungoje."

Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka, na ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini tangu siku ile. Nikawaona mmoja mmoja. Jirani, imamu, makanika, wale wazee wa madukani na kanzu zao nyeupe. Wote walikuwa wamekaa juani pamoja na baba wakinisubiri kwa neno langu mwenyewe. Kisha wakanisikiliza nikiwaeleza droo na ufunguo wake, wakanishika mkono, wakasema pole, wasinisahihishe hata mmoja. Mdogo wangu nilimweleza mara mbili jioni ile ile ya maziko, na mara ya pili alikuwa bado hajanawa udongo.