Anayesimama Nyuma ya Kiti

Kila feti hapa Kasongo, iwe ya ndoa, ya komunyo au ya padri mpya, lazima umkute yule mama muuza mawese amesimama nyuma ya kiti chako. Hakualikwa, na hakuna anayethubutu kumfukuza. Anangojea chupa yako ya maji, maana chupa kama hizo ndizo anazojazia mafuta sokoni. Vidole vyake vyekundu vinagonga kiti, to, to, to, kisha anakuinamia sikioni: "Papa, maliza." Ukinywa, anahesabu mafunda. Ukipumzika, anashusha pumzi kama aliyeibiwa. Hata hotuba huisikii! Na ukiangusha kifuniko, anaingia chini ya meza katikati ya viatu vya watu mpaka akipate, kwa sababu chupa isiyo na kifuniko haimfai kitu.

Kwenye ndoa ya Chancelle, binti wa jirani yangu, nilichoka. Alipogonga mara ya nne, niliifunga chupa yangu ikiwa bado nusu, nikaitupa nje ya ua, mtaroni. Wageni wakacheka. Yeye alikunja kikwembe chake cha sikukuu, akashuka, akarudi na matope hadi magotini. Akaipangusa chupa kwa pindo la kikwembe kilekile, akaiweka mbele yangu, akarudi mahali pake.

"Papa," akasema, "maji iko bado ndani."

Nikanywa hadi tone la mwisho, naye akihesabu mafunda, kisha nikakaza kifuniko mimi mwenyewe.