Kumwelekeza Mbuzi Kibla

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchinja lilikuwa kumfungua mbuzi kamba. Nililifanya mbele ya wakwe wa watu, nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima.

Kwetu, kwenye vilima nyuma ya Kwale, Waislamu ni nyumba chache tu tangu enzi za babu wa babu zetu. Msikiti wetu wa udongo haujai hata siku ya Ijumaa. Majirani, na nusu ya jamaa zetu wenyewe, wanafuata mila za wazee wao au wanakwenda misheni. Lakini mwenye karamu hachinji mwenyewe. Hutuma mtu kwetu amwite baba, ili chungu kiwe kimoja na watu wote wapate kula.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, si Mwislamu. Binti yake alisilimu, akawa anaolewa Diani. Wakwe walikuja kwa lori, wazee wa kanzu nyeupe na heshima nyingi, na mjomba alijua wananong'ona nini: huku bara nyama inachinjwaje? Kwa hiyo alinunua beberu mkubwa, akataka achinjwe uwanjani, mbele ya macho yao. Wakila, harusi ina heshima. Wakikataa, binti ataibeba aibu hiyo mpaka ukweni.

Siku hiyo baba alikuwa kitandani na homa. Akanipa kisu.

"Fanya kama ulivyoniona nikifanya," akasema. "Usizidishe."

Sijui kutozidisha. Chuo cha Kurani sikusoma, kwa kuwa hakikuwapo karibu. Dini nimeiokota mwenyewe, hapa nimesikia hotuba, pale nimeazima kitabu, na siku zote nahofu kuna sharti limenipita. Asubuhi ile nilinoa kisu mpaka mama akauliza kama nakwenda kuchinja ndovu.

Uwanjani vijana walikuwa wamekwisha kumlaza beberu na kumfunga miguu. Nikatazama jua, nikatazama kivuli changu.

"Kibla imepinda kidogo," nikasema. Wakamgeuza. Nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja. "Kidogo tena, kulia." Wakamgeuza.

"Huyu anachinja au anapanga kitanda?" akauliza mama mmoja wa jirani.

Ndipo nikaona beberu anakitazama kisu. Nilikuwa nimesoma kwamba haifai mnyama akione, na nikaingiwa na hofu kwamba wakwe nao wamesoma. Nikasema afunguliwe, apelekwe nyuma ya nyumba, tuanze upya. Vijana wakamtazama mjomba.

Mjomba alikuwa amevaa koti lake la askari, lile alilorudi nalo kutoka vita vya Burma. Akasema taratibu, "Mwanangu, huyo ukimfungua hatakuuliza kibla iko wapi."

Nikamfungua mwenyewe.

Beberu alipita katikati ya jamvi la wakwe, akamwaga kahawa, akaingia kwenye mihogo. Watu wakamfuata. Wazee wa Diani walikimbia na pindo za kanzu mdomoni, na mwalimu wa shule ya misheni na viatu vyake mkononi. Bibi harusi alichungulia dirishani akicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Mjomba peke yake hakukimbia. Alisimama akiitazama sufuria tupu, na mimi nikatamani kuingia kwenye mihogo ile nisitoke.

Aliyemkamata ni baba yake bwana harusi. Alirudi amemshika pembe, kofia imejaa majani, akamlaza mwenyewe na kumkandamiza kwa goti.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba. Kibla ni huku?"

"Ndiyo, ila labda..."

"Mwanangu, sema bismillahi uchinje, kabla huyu hajafika Tiwi."

Nikachinja. Kisu kilikuwa kikali mno hata kikapita mara moja. Wakwe walikula mpaka wakafyonza mifupa. Mbuzi walimkimbiza wenyewe, wakamshika wenyewe, hawakubakiwa na la kunong'ona. Mjomba alinitengea ini, akaliweka mbele yangu bila kunitazama.

Baba hajapata tena nguvu za kwenda kwenye karamu, na sasa majirani huniita mimi. Namlaza mnyama mara moja, uso upande wa kibla, nasema jina la Mungu, nachinja. Kamba siigusi mpaka amekufa.