Ukumbi wa Pili Haukuwa Mtupu

Mama Santina amefagia chuo chetu hapa Juba tangu aliporudi kutoka ukimbizini Uganda. Mimi ni Kawira, Mkenya, karani wa usajili, na mwaka huu nilitwishwa kazi niliyoichoka kabla sijaianza: kuandika kijitabu cha historia ya chuo.

Miaka ya vita niliimaliza kwa sentensi moja. Chuo kilihamia kaskazini, majengo yakabaki matupu. Nilimsomea Mama Santina alipokuwa akipiga deki Ukumbi wa Pili.

"Matupu," alisema, bila kuniangalia.

"Si wanafunzi waliondoka, mama?"

"Wao waliondoka. Sisi tukaingia."

Akanieleza kwamba kabla hajakimbilia Uganda walikuwa familia kumi na moja humo ndani, na mipaka yao waliichora sakafuni kwa chaki zilizoachwa na walimu. Mwanawe Lino alizaliwa pale chini ya ubao. Kitovu chake alikizika nyuma ya ukuta, ili mtoto akikua ajue kwao ni wapi.

Nikamwambia nitaongeza ukurasa. Akakamua tambara taratibu, kama mtu aliyekwisha kuahidiwa mengi.

"Mwezi jana Lino alijaza fomu ya kusoma hapa. Mahali pa kuzaliwa akaandika Ukumbi wa Pili. Fomu ilirudishwa."

Niliikumbuka ile fomu. Niliipiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: hatutaki mzaha.