Mvua Iko kwa Wifi

Kila asubuhi, kabla ya kuingiza wageni korongoni, Mama Mwendo alimpigia simu wifi yake, dobi wa hospitali huko juu mto unakoanzia. Korongo lilikuwa jembamba. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na maji yakishuka hakuna pa kukimbilia.

Siku hiyo anga halikuwa na wingu hata la dawa.

"Wifi, umeanika?"

"Nilianika, nikaanua mbio. Huku inamwaga tangu alfajiri."

Mama Mwendo akaahirisha safari. Mwalimu mstaafu aliyekuja na wajukuu wake wawili akanuna.

"Mvua iko wapi, mama? Si jua hili linatuchoma?"

"Iko kwa wifi yangu, mwalimu. Maji yako njiani."

Wakakaa ukingoni wakinywa chai. Kabla ya saa tano korongo likanguruma, na maji ya matope yakapita yamebeba gogo zima. Mwalimu akawakumbatia wajukuu wake, kisha akaiomba simu.

"Dada, hunijui," akamwambia dobi. "Nina wajukuu wawili hapa. Ahsante."

Mama Mwendo akaona haya. Miaka sita alikuwa akimuuliza wifi yake, wala hajawahi kumshukuru. Simu iliporudi mkononi mwake, naye akamshukuru.