Mdogo wangu anaolewa, na ugonjwa wa mwanangu unatoka upande wetu

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Jina langu lisitajwe tafadhali, maana ndugu zangu wengine wapo humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi huku ndani Kilwa, upande wa Njinjo. Mimi na mume wangu tunalima ufuta na tuna mikorosho michache. Shule niliishia darasa la nne, mkiona maneno yamepindana mnisamehe.

Nina mtoto wa kiume, nimwite Sefu, ana miaka kumi na moja. Alichelewa kutembea, lakini alipotembea watu walimsifu kwa sababu mashavu ya miguu yake yalikuwa yamejaa kama ya mtu mzima. Shemeji yangu akimuona anasema, "Beki huyu. Akikupiga teke unaamkia Nangurukuru." Tunacheka. Na mimi mama mtu nilijivunia ile miguu, namvalisha kaptura makusudi ionekane.

Kumbe ndiyo ilikuwa inaumwa. Akawa anaanguka ovyo. Akitaka kuinuka kutoka chini anashika magoti, halafu anayapanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono mpaka asimame. Baba yake akawa anamgombeza, "Una miguu kama mchi halafu unasema umechoka? Uvivu tu huo." Mama yangu mzazi naye akaniambia nifagie nyayo zake. Kwetu wanaamini mtu mbaya akichota mchanga uliokanyagwa na mtoto anamfunga miguu, na ndivyo tulivyoambiwa alifanyiwa mjomba wetu, kaka yake mama, aliyefariki kijana akiwa hawezi hata kukaa. Basi Sefu akipita uwanjani mimi nipo nyuma na ufagio. Nimefagia miaka, jamani. Na bado mwaka jana akaacha kutembea.

Tukapewa rufaa hospitali kubwa, wakamchukua damu. Tuliporudi kwa majibu, daktari, dada mmoja mpole, akasema ni ugonjwa wa misuli, mtoto anazaliwa nao. Misuli inakufa kidogo kidogo, mahali pake panajaa mafuta, ndiyo maana miguu ilinenepa. Si uvivu na hakuna aliyemfunga. Dawa ya kuuondoa hakuna, ila kuna vidonge vya kuupunguza mwendo, na kumnyoosha miguu taratibu kila siku. Halafu akaniuliza, "Mama, kwenu alishakuwepo mwanaume mwingine wa hivi?" Nikamtaja mjomba. Akasema mara nyingi mama ndiye anayeubeba ndani ya damu bila kuumwa, wakaumwa watoto wa kiume, na si wote. "Una ndugu wa kike?" Ninaye mmoja. "Mwambie apimwe kabla hajabeba mimba."

Sikulia. Nilikuwa natazama feni inavyozunguka, nasikia kama anasemwa mtoto wa jirani. Mpaka leo niko hivyo hivyo. Napika, namgeuza Sefu, namnyoosha miguu, naenda shamba. Baba yake ndiye analia siku hizi, Ijumaa anambeba mgongoni kumpeleka msikitini. Mimi hakuna kitu.

Sasa huyo mdogo wangu anaolewa ufuta ukishavunwa. Ana miaka ishirini na tisa, mchumba wa kwanza alimwacha njiani, na huyu wa sasa ni kijana mstaarabu wa Kilwa Masoko, wazee wao wameshaleta posa. Yale maneno ya daktari nilimweleza mama peke yake. Akaniambia, "Hilo limeze, mwanangu. Likitoka nje watasema ukoo wetu una mkosi, na mdogo wako atazeekea kwangu. Kaka yangu alirogwa, mimi ndiye niliyekuwepo, si huyo daktari." Nadhani anaogopa kusikia kuwa ugonjwa umepitia kwake. Sikumwambia hivyo.

Juzi mdogo wangu akaja, akawa anamlisha Sefu uji na kumtania, "Nikizaa dume nakuletea umfundishe ubishi." Sefu akamjibu, "Mlete mama mdogo, ila asiwe analialia kama wewe." Tulipotoka kuosha vyombo akaniuliza, "Dada, hospitali walisema huu ugonjwa umetoka wapi?" Nikamjibu ni mipango ya Mungu. Akasema Alhamdulillah, akaendelea kusugua sufuria.

Nikisema, naweza kumvunjia ndoa aliyoisubiri. Nikinyamaza, na damu yake ikawa kama yangu, siku moja atamuona mwanawe anayapanda mapaja yake, na atajua kuwa mimi nilijua. Wiki ijayo anakuja nimsuke, tutakuwa wawili tu. Ninyi mlio na dada na wadogo zenu, nimwambie yeye peke yake, nimwambie na mchumba wake, au nimsikilize mama? Na kama ni kumwambia, ndugu zangu, naanza na neno gani?